Toa Sauti Yako, Mashine Zikijue Kiswahili Chetu

Naandika kukuomba kitu ambacho unacho tayari, nacho ni sauti yako. Naomba utafute mahali patulivu, ushike simu, usome sentensi kadhaa za Kiswahili kwa namna unavyosema siku zote, kisha uzitoe ziwe mali ya watu wote. Sababu za ombi hili nilizipata chuoni, katika kozi ya teknolojia zinazochipukia niliyoisoma muhula uliopita. Jambo lenyewe linamgusa hata yule ambaye hajawahi kukanyaga chuo, kwa hiyo sioni haki kulifungia darasani.

Kozi ilikuwa pana. Wiki hii droni, wiki ijayo mashine zinazochapa vitu vya pande tatu, mara blokcheni, mara vifaa vya nyumbani vinavyopeana taarifa kwa intaneti. Mengi niliyaandika daftarini, nikayafanyia mtihani, basi. Yaliyobaki yakinisumbua hadi leo ni yale ya akili mnemba, au akili bandia kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, kwa sababu kila tulipofika kwenye mada hiyo mwalimu wetu alituuliza swali lile lile: mashine hii imejifunza kutoka kwa nani?

Mwanzoni swali lilionekana dogo. Wengi tulidhani mashine inakuwa na akili kwa sababu wataalamu wameiandikia kanuni nzuri. Kumbe kanuni ni sehemu tu ya kazi. Mashine hizi hulishwa mifano, maelfu na mamilioni ya mifano, na kile ambacho hazikuonyeshwa hazikijui.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini mwenye asili ya Ghana na Timnit Gebru mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha huko Marekani utafiti kuhusu programu za kampuni kubwa zinazotazama picha ya uso na kusema kama ni ya mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, programu hizo zilikosea chini ya mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea zaidi ya mara 34 katika mia. Mikusanyo ya picha iliyokuwa ikitumika kupima kazi za namna hiyo ilijaa nyuso za watu weupe. Sidhani kuna mhandisi aliyekaa chini akapanga kuwadhalilisha wanawake weusi. Hawakuwamo vya kutosha kwenye mifano, na pengo hilo lilionekana wazi walipokuja watafiti waliofanana nao.

Wasichana wa darasa letu walikaa kimya kwa muda baada ya somo lile. Mimi nami niliwaza dada zangu.

Lakini mwalimu hakutuacha na huzuni. Wiki iliyofuata alituletea mfano wa karibu na nyumbani. Nje kidogo ya Bagamoyo, katika mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, watafiti walipiga maelfu ya picha za majani ya mihogo: yenye batobato, yenye michirizi ya kahawia, yaliyofyonzwa na utitiri, na yaliyo mazima. Wakishirikiana na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, waliifundisha kompyuta kwa picha hizo. Matunda yake ni programu ya simu inayoitwa Nuru. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani, nayo inamwambia inaona ugonjwa gani, hata kama shambani hakuna mtandao.

Aliyelima muhogo anajua uzito wa jambo hili. Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Amani, kule Usambara, katika miaka ya 1930, na mpaka leo inatutia hasara. Ubaya wake ni kwamba shamba linaweza kuonekana zuri kwa juu, wewe ukajihesabia chakula cha miezi, kumbe chini muhogo umeshaoza na kugeuka kahawia, haumenyeki wala hauliki. Nuru inaweza kumshtua mkulima mapema kwa sababu kuna watu walioinama kwenye mashamba ya Bagamoyo wakapiga picha jani kwa jani. Bila majani ya Bagamoyo, simu ile ingekuwa kipofu mbele ya mihogo yetu.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa nawe.

Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa programu inayoitwa Whisper, ambayo husikiliza mtu akisema na kuyaandika maneno yake. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kwa kazi ya kuandika kile kinachosemwa, lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana zote kwa pamoja saa 117,000, na ndani ya fungu hilo Kiswahili kiliambulia saa chache mno. Hii ni lugha ambayo UNESCO inasema ina wasemaji zaidi ya milioni 200, lugha iliyotengewa siku yake duniani, Julai 7. Tulipojaribu kuzungumza na programu za aina hii darasani, tuliona wenyewe matokeo: ukisema taratibu kama mtangazaji wa taarifa ya habari, inakuelewa kiasi, ukisema kama unavyosema kituo cha daladala, inaandika maneno ambayo hayapo duniani.

Mtu anaweza kuuliza, hasara iko wapi? Tumeishi miaka yote bila simu kutusikia. Ni kweli. Lakini angalia huduma zinavyohama. Benki, bima, huduma za afya na za serikali zinazidi kuingia kwenye simu, na nyingi zinataka ujue kusoma na kuandika, tena wakati mwingine kwa Kiingereza. Wapo wazee wetu ambao macho hayaoni tena herufi ndogo. Wapo vipofu. Wapo ambao shule iliwapita. Hawa wote wana ulimi mzuri wa Kiswahili, na mashine inayosikia ulimi huo ingewafungulia milango ambayo maandishi yamewafungia. Mashine isiyousikia itawafungia hata ile michache iliyobaki wazi, siku kaunta zenye watu zitakapopungua.

Majirani zetu wa Rwanda walishaliona hili. Kuna mradi unaoitwa Common Voice, ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, ambapo mtu yeyote anasoma sentensi kwa sauti na kuzitoa bure, ili mtu yeyote mwingine azitumie kufundishia mashine. Kampuni changa ya Kigali inayoitwa Digital Umuganda ilichukua jina na moyo wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ikawaomba Wanyarwanda watoe sauti zao kama wanavyotoa nguvu za mikono. Watu waliitikia. Leo Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000 za sauti katika mkusanyo huo, na kiko mbele ya lugha nyingi za mataifa tajiri. Wakati wa korona, watu hao hao walishiriki kutengeneza Mbaza, huduma ya maswali na majibu kuhusu ugonjwa huo, iliyomfikia hata mwenye simu ya kitochi. Rwanda ni nchi ndogo. Kilichofanyika pale hakihitaji utajiri ambao sisi hatuna.

Kiswahili nacho kimo kwenye mkusanyo huo. Watu wa Kenya, Tanzania na Kongo wameshaanza kukisomea, na nawashukuru kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba lugha yetu imeenea mno, na kila mahali ilipofika ina mkao wake mdomoni.

Hili tulilishika kwa mikono katika kazi tuliyopewa darasani. Ukifungua tovuti ya mradi na kuchagua Kiswahili, unapewa sentensi tano. Unabonyeza alama ya maikrofoni, unasoma, unajisikiliza, ukiridhika unatuma. Upande wa pili kuna kazi ya kusikiliza: unaletewa sauti ya mtu usiyemjua pamoja na sentensi aliyotakiwa kusoma, nawe unasema ndiyo, kasoma sawa, au hapana, kakosea. Sauti lazima ikubaliwe na wasikilizaji wawili ndipo ihesabiwe kuwa imehakikiwa. Tulikaa makundi makundi, hedifoni moja masikio mawili. Nilisikia kijana mwenye haraka, nyuma yake jogoo anawika. Nilisikia msichana anayecheka katikati ya sentensi na kuanza upya. Kisha ikaja sauti ya mama mmoja, ya chini, yenye subira, akisoma sentensi kuhusu wananchi waliojitokeza kupiga kura. Neno la mwisho lilitoka mdomoni mwake likiwa "kula".

Kundi likagawanyika pale pale. Mmoja akasema hapana, kakosea, kura siyo kula. Mwingine akasema huyu hakukosea kusoma, ndivyo anavyotamka. Mwenzetu mmoja anayetoka Musoma alikuwa kimya, halafu akasema, "Mama yangu anatamka hivyo hivyo. Siku akipiga simu hospitali ikapokelewa na mashine, nani atamsikia?"

Tukasoma mwongozo wa mradi. Unasema wazi kwamba lafudhi si kosa. Anayeruka neno, anayeongeza neno au anayesoma neno jingine kabisa, huyo akataliwe. Anayesoma neno lililoandikwa kwa mkao wa kwao, akubaliwe. Tukabonyeza ndiyo. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri, maana nimesoma shule ambazo mtoto wa kutoka bara akichanganya r na l darasa zima linaangua kicheko, na wengine walinyamaza mpaka wakamaliza kidato cha nne bila kunyoosha mkono. Hapa palikuwa na mahali ambapo ulimi ule ule uliochekwa ndio unaotakiwa, kwa sababu bila huo mashine haitajua kwamba mama wa Musoma anazungumzia uchaguzi.

Ndiyo maana nakuomba usijirekebishe. Mzee wa Pemba, soma Kipemba kinavyokukaa mdomoni. Ndugu zangu wa Lamu na Mombasa, wa Pangani, wa Makunduchi, nyinyi mmekaa na lugha hii kabla haijasanifiwa, na itakuwa aibu mashine ikijua Kiswahili cha kitabu pekee isijue cha nyumbani kwake. Wa Lubumbashi na Bukavu, wa Bujumbura, mnaosema Kiswahili sokoni kila siku huku wengine wakikitilia shaka, sauti zenu ni haba na zinahitajika zaidi. Hata walioko Muscat, ambao wazazi wao waliondoka Unguja na lugha ikaondoka nao, nyumba zao bado zinanukia maneno ambayo huku tumeanza kuyasahau.

Na wanawake. Katika saa zote nilizosikiliza, sauti za vijana wa kiume zilizidi. Sishangai, maana wao ndio wenye muda na simu yenye bando. Lakini mashine iliyozoea sauti za wavulana wa chuo itapata shida kumsikia bibi, na bibi ndiye mwenye haja nayo zaidi. Kwa hiyo nawaomba vijana wenzangu: ukienda likizo, usitoe yako tu. Keti na bibi yako barazani. Kama haoni vizuri au hajui kusoma, mtamkie sentensi polepole naye airudie kwa kauli yake. Mweleze kwanza sauti inakwenda wapi na itafanya nini, mpe nafasi ya kukataa, na akikubali mfanyie kila kitu kwa adabu. Sauti ya mzee haichukuliwi kwa hila, hata kwa jambo jema.

Hapa lazima niseme jambo zito, kwa sababu najua wengi tayari mnajiuliza. Tunaishi zama za ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku hizi zipo programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kwa sekunde chache tu za kumsikia, na tapeli anaweza kumpigia mama yako akajifanya wewe. Hofu hiyo ni ya haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019; zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani. Itumie haki hiyo. Mtu akija mtaani na kinasa sauti, au kiunganishi kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp kinachoahidi zawadi ukirekodi sauti, uliza ni nani, anataka nini, ataiweka wapi, na kama unaweza kujitoa au la. Asiyejibu, mwache aende zake.

Kuhusu mkusanyo wa wazi ninaokuombea uchangie, nao una ukweli wake ambao sitaki kuuficha. Jina lako halitangazwi pamoja na sauti, na anayechukua sauti hizo anatakiwa asijaribu kumtafuta aliyezisema. Lakini ukishatoa, umetoa. Mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuitumia, na kampuni kubwa ya ng'ambo pia, bila kukulipa. Nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Rafiki yangu mmoja aliposikia hivyo alisema hatoi, na namheshimu. Mimi nimetoa, kwa sababu nimejiuliza nani anaumia zaidi tukinyamaza. Kampuni kubwa ikitaka Kiswahili itanunua, itajikusanyia yenyewe, itafungia kabatini na kutuuzia huduma kwa bei yake. Mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu mwenye wazo la kumsaidia mkulima kwa simu hana fedha ya kununua hata saa kumi za sauti. Mkusanyo wa bure ndio pekee alionao.

Asiyetaka kutoa sauti bado ana kazi nzuri ya kufanya. Anaweza kuwa msikilizaji, kwa sababu sauti nyingi zinakaa zikisubiri masikio mawili. Anaweza pia kuandika sentensi, na hapa nawageukia waandishi. Sentensi nyingi nilizokutana nazo zilikuwa za kihabari, mawaziri na mikutano, mvua na takwimu. Sikukuta mtu anayepatana bei ya dagaa, wala anayemwomba kondakta amshushe, wala mama anayemweleza nesi kwamba mtoto amechemka usiku kucha. Maneno haya ndiyo yatakayosemwa kwenye simu siku mashine ikianza kupokea watu. Mwandishi anayeweza kukaa jioni moja akaandika sentensi mia za maisha ya kawaida, akazitoa bila kudai haki zake, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Walimu wa vyuo, nanyi nawaomba kwa unyenyekevu. Msitufundishe teknolojia hizi kama habari za mbali. Kozi yangu ilibadilika siku tuliposhika hedifoni na kubishana kuhusu kura na kula. Yote niliyoyakariri kabla ya hapo yalipata maana. Kule Zanzibar, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walishiriki kurusha droni zilizopiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na Dar es Salaam wanafunzi wa vyuo walitembea mitaa ya mabondeni na wakazi wake wakichora ramani za mafuriko katika mradi wa Ramani Huria. Mambo haya yanawezekana hapa. Sauti ni rahisi zaidi, haihitaji droni.

Wenye redio, hasa redio za jamii, mna kitu ambacho hakuna chuo kinacho: watu wanawaamini, na wanawasikiliza wakiwa jikoni na shambani. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza, wakakaa kuzunguka redio kijiji kwa kijiji, wakajadili, wakatoka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Waliopanga kampeni ile waliamini kwamba mwanakijiji akielezwa jambo kwa lugha yake atalifanya. Nami naamini hivyo. Dakika kumi za kipindi cha asubuhi, mtangazaji akieleza kazi hii kwa lugha nyepesi na kusoma sentensi zake tano hewani, zitafika mbali kuliko mabango yetu ya chuoni.

Darasani kwetu tumekubaliana kwamba Julai 7 ijayo tutakaa na meza sokoni, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwenye kona iliyo mbali na mashine za kusaga ili kelele zisitushinde. Simu zitakuwa zetu na bando litakuwa letu. Atakayekuja ataelezwa kwanza, atasoma au atatamkiwa, atajisikiliza, na akisema futa tutafuta mbele ya macho yake. Kama mtaani kwako kuna chuo, shule ya sekondari, msikiti, kanisa au kijiwe cha kahawa, mnaweza kuweka meza kama hiyo siku hiyo hiyo. Mnahitaji simu moja nzuri, hedifoni, mtu mmoja mvumilivu wa kueleza, na mabenchi ya wazee kukalia wakisubiri zamu.